MCHEZO WA KISAHANI: Hauna refa, hauna ngumi, na utamu wake usipime!

Haya mtu wangu, tuanze na swali la kijiweni. Straika wa timu yako kauweka sawa mpira kwa mkono, refa hajaona, mshika kibendera hajaona, bao limeingia na timu imefuzu. Je, amfuate refa amwambie "mzee, niliushika", au akimbilie kwenye kona akakate mauno?

Usijibu, jibu lako nalijua. Mchezaji wa Bongo akienda kujisemea kwa refa, siku hiyo hiyo atafute pa kulala, maana mtaani kwake hapafai tena. Na siyo Bongo tu. Novemba 18, 2009 pale Paris, Thierry Henry aliudaka mpira kwa mkono mchana kweupe (sawa, ilikuwa usiku, lakini taa zilikuwa zinawaka), akampasia William Gallas, Gallas akafunga, Ufaransa wakaenda Kombe la Dunia 2010 na Ireland wakabaki kwao wanalia. Baada ya mechi Henry hakuficha kitu. Alikiri kwamba mkono uliushika mpira, ila akasema yeye siyo refa. Kabla yake Maradona, mwaka 1986 kule Mexico, alimfunga Peter Shilton wa England kwa ngumi, refa Ali Bin Nasser wa Tunisia akanyoosha kidole katikati ya uwanja, na mpaka leo kuna watu wanalisimulia bao lile huku wanachekelea.

Mimi simlaumu Henry. Soka limejengwa hivyo, kazi ya mchezaji ni kucheza na kazi ya refa ni kukamata. Wewe ukiiba na usikamatwe, huo ni uzembe wa polisi.

Sasa upo mchezo mmoja ambao lile neno la Henry lisingemsaidia hata chembe. Mchezo wenyewe unaitwa altimeti, unachezwa kwa kile kisahani cha plastiki ambacho wengi tumezoea kuona wazungu wanawarushia mbwa wao ufukweni. Humo ndani hakuna refa, si wa kijijini wala wa Kombe la Dunia. Kila mchezaji ni refa, na anaanza kujipulizia filimbi mwenyewe.

Najua unacheka. Na mimi nilicheka hivyo hivyo.

KILITOKEA KWENYE SAHANI YA KEKI

Kabla hatujaingia uwanjani, tupige kidogo stori ya hiki kisahani, maana ni stori ya dili, na sisi watoto wa mjini dili tunazipenda.

Kule Bridgeport, jimbo la Connecticut nchini Marekani, palikuwa na kiwanda cha mikate ya matunda kilichoitwa Frisbie Pie Company. Wanafunzi wa vyuo vya jirani, Yale wakiwemo, wakishamaliza kula walikuwa wanarushiana zile sahani za bati. Upande mwingine wa nchi, California, kijana mmoja aitwaye Fred Morrison alikuwa ufukweni Santa Monica mwaka 1938 na mchumba wake, wanarushiana bati la kuokea keki. Akapita mtu akataka kulinunua kwa senti 25. Dukani bati lile liliuzwa senti tano. Hapo hapo akili ya Morrison ikawaka: senti tano inazaa senti 25, hii ni biashara au siyo?

Vita ikaingia, akaenda kurusha ndege, akatekwa, akarudi. Alipotulia akaachana na bati akahamia kwenye plastiki, na mwaka 1955 akatoa kisahani alichokiita Pluto Platter, kwa sababu miaka hiyo Wamarekani walikuwa wamepagawa na habari za visahani vya kutoka sayari nyingine. Mwaka 1957 haki zake zikachukuliwa na kampuni ya Wham-O, wakakipa jina la Frisbee. Inasemekana Morrison mwenyewe hakulifagilia jina hilo hata kidogo, lakini visahani vilipouzwa kwa mamilioni akanyamaza. Kile kiwanda cha mikate kilichozaa jina, chenyewe kilifungwa mwaka 1958.

Kuna mwingine, Ed Headrick, yeye ndiye aliyekirekebisha mwaka 1964 kwa kukiwekea vile vimistari vya mviringo mgongoni, kikaacha kuyumba hewani. Huyu bwana alikizimia kisahani mpaka mwisho. Alipofariki mwaka 2002, kwa wosia wake majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki vikatengenezwa visahani. Wenzetu bwana!

Frisbee ni jina la biashara la kampuni, ndiyo maana mchezo wenyewe unaitwa altimeti tu, na ukitaka kuwakera wachezaji wake waambie wanacheza "kale kamchezo ka mbwa".

WATOTO WA SEKONDARI NDIO WALIOANZISHA

Altimeti yenyewe haikubuniwa na wazee wa kamati wenye suti. Ilibuniwa na wanafunzi wa sekondari. Shule inaitwa Columbia High School, ipo Maplewood, New Jersey. Mwaka 1968 mwanafunzi mmoja aitwaye Joel Silver, aliyekuwa amejifunza namna ya kuucheza likizoni, alisimama kwenye baraza la wanafunzi akapendekeza shule iwe na mchezo wa kisahani. Ilikuwa nusu utani. Lakini mwaka uliofuata wakaanza kuucheza kweli, wa baraza la wanafunzi wakipambana na wa gazeti la shule (waandishi tumo kila mahali), na walikuwa wanacheza usiku kwenye eneo la kuegeshea magari, chini ya taa. Silver na wenzake Buzzy Hellring na Jon Hines ndio walioziweka sheria kwenye karatasi mwaka 1970. Novemba 7 mwaka huo wakawaalika jirani zao wa Millburn wakawachapa 43 kwa 10, mechi ya kwanza ya shule kwa shule.

Kama jina la Joel Silver unaona kama umewahi kulisikia, ni kweli umelisikia, au angalau umelisoma kwenye vibanda vya video. Ndiye aliyekuja kuwa prodyuza wa Lethal Weapon, Die Hard na The Matrix. Mtu aliyeulisha ulimwengu risasi na mabomu, ujanani mwake alianzisha mchezo ambao kumsukuma mtu kwa bega tu ni kesi.

Miaka miwili baadaye, Novemba 6, 1972, vyuo vya Rutgers na Princeton vikakutana New Brunswick, Rutgers wakashinda 29 kwa 27. Tarehe hiyo waliichagua kwa makusudi. Miaka 103 nyuma, siku hiyo hiyo na mahali hapo hapo, vyuo hivyo hivyo viwili vilicheza mechi ya kwanza ya vyuo ya ule mpira wa Kimarekani wa kubebana na kuangushana. Huo mpira mwingine leo una marefa rundo na kamera kila kona.

UNACHEZWAJE?

Rahisi. Kiwanja cha nyasi ni cha mstatili, urefu mita 100 na upana mita 37. Kila mwisho kuna eneo la kufungia, mita 18, hakuna nguzo wala nyavu. Wachezaji saba kwa saba. Mwenzako akikurushia kisahani ukakidakia ndani ya eneo la wapinzani, hilo ni bao moja. Wa kwanza kufika 15 kwa kawaida ndiye mshindi. Kwenye mchanga wanacheza watano watano na kiwanja kinakuwa kidogo, maana kukimbia mchangani, wewe unayekimbia Coco unajua, siyo lelemama.

Ukishadaka kisahani huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama, mguu mmoja umeganda chini kama wa mcheza basketi, unatafuta wa kumpa. Mkabaji anakuja mbele yako anahesabu kwa sauti mpaka kumi. Akifika kumi na hujaachia, kisahani ni chao. Kikianguka chini, chao. Kikidakiwa nje, chao. Wakikinyaka angani, ndiyo usiseme, chao na wanageuza palepale, wewe uliyekuwa unashambulia sasa unakimbia kurudi kukaba. Hakuna kupumzika mpaka bao liingie.

Utamu wenyewe uko hewani. Mpira ukishapigwa unakwenda unakokwenda. Kisahani kinaelea, kwa sababu kinazunguka na hewa inakibeba chini kama bawa la ndege. Kinaweza kukupita kichwani, ukasema kimekwenda, mara kinapunguza mwendo, kinaning'inia kama kinakusubiri, na hapo ndipo unapowaona watu wanaruka mzima mzima kama Juma Kaseja. Siku kusi linavuma kutoka baharini ndiyo balaa. Mrushaji mgeni anaelekeza kwa mwenzake, kisahani kinakwenda kumtembelea muuza mihogo.

Kukabana kwa miili hakuna. Huruhusiwi kumsukuma, kumzuia kwa mkono wala kumkanyaga mtu. Unakaba nafasi, hukabi mtu. Kwa ajili hiyo wavulana na wasichana wanacheza timu moja, wanne kwa watatu, na siyo kwa hisani. Nimemwona dada mmoja mwembamba, mwanafunzi wa sheria, anawaacha wanaume wa gym wanahema kama mbwa wa mshenzi, kwa sababu wao wana kifua na yeye ana miguu na macho.

BEKI WA NDONDO AKUTANA NA NENO "RAFU"

Sasa hapa ndipo penyewe. Mshikaji wangu mmoja ni beki wa ndondo huko mitaa ya kwetu. Jina silitaji, maana ana mkono mwepesi na anajua ninapokaa. Ndondo za kwetu unazijua: refa anaingia uwanjani akiwa ameshaonyeshwa njia ya kutorokea. Huyu jamaa ndiye niliyemchukua Jumapili moja maji yamekupwa, tukaenda kujaribu kisahani na kikundi fulani kinachocheza mchangani, mchanganyiko wa Waswahili, Wahindi na wazungu wa kujitolea.

Dakika ya kumi haijafika, akaruka na yule dada wa sheria kugombea kisahani, akamtia bega. Dada akaanguka, kisahani kikaanguka, dada akanyanyuka anajikung'uta mchanga, akasema neno moja: "Rafu."

Beki wangu akafanya kile kitu ambacho kila beki duniani anakifanya. Akanyanyua mikono yote miwili juu, akakunja uso kama malaika aliyesingiziwa, akageuka kumtafuta refa. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Hakuna mtu! Watu wote wamesimama kimya wanamwangalia yeye.

Dada akamwendea. "Kaka, umenigonga kabla sijakidaka. Unakubali au unapinga?"

Sheria ndiyo hiyo, imeishia hapo. Anayeona ametendewa vibaya anasema, mchezo unasimama. Aliyetajwa anaambiwa akubali au apinge. Akikubali, mwenzake anapewa kisahani pale pale. Akipinga, hakuna ngumi wala kuitana majina, kisahani kinarudi kwa aliyerusha na mchezo unarudiwa kana kwamba ule mrusho haukuwepo. Walioona vizuri wanaweza kusema walichoona wakiulizwa. Kelele za benchi hazitakiwi. Na mjadala wenyewe hauruhusiwi kurefuka, hata dakika moja ni nyingi.

Beki wangu akasema anapinga. Sawa, kisahani kikarudishwa, watu wakaendelea. Hakuna aliyenuna! Nikamwona kachanganyikiwa. Mtu aliyejiandaa kwa vita halafu vita yenyewe haikufika anakuwa kama aliyekosea njia. Mapumziko akaniuliza, "Sasa hapa nikidanganya nani ananikamata?"

Nikamwambia hakuna.

"Hakuna kabisa?"

Hakuna kabisa. Na hilo ndilo wenyewe wanaliita Roho ya Mchezo. Kwenye sheria zao liko ukurasa wa mwanzo, kabla ya vipimo vya uwanja. Linasema kwa ufupi kwamba sheria hizi zimeandikwa kwa kuamini kuwa hakuna mchezaji atakayezivunja kwa makusudi. Ndiyo maana hazina kadi nyekundu wala adhabu kali, zina njia tu ya kurudisha mambo yalivyokuwa kabla mtu hajakosea. Fikiria sheria za barabarani zingeandikwa hivyo, madereva wa daladala wangetufikisha wapi!

Kwa sisi waswahili jambo lenyewe si geni kiasi hicho. Utotoni tulicheza rede, tulicheza chandimu, refa tulimtoa wapi? "Umepigwa!" "Sijapigwa!" "Apa kwa Mungu!" Tulimaliza wenyewe. Ila tuwe wakweli, chandimu ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote, kwamba mwenye mpira hakosei. Akikasirika anaubeba anakwenda nao kwao. Kwenye kisahani hata mwenye kisahani anaambiwa "rafu" kama wengine.

KIDOLE KILICHOGUSA KAMBA

Mechi ile ya Jumapili ilikuwa ya kufika 13. Ikafika 12 kwa 12. Bao moja ndilo lililobaki, jua linazama, na beki wangu sasa keshapandwa na mzuka kuliko waliomleta. Timu yake ikapeleka kisahani kirefu pembeni, kijana mmoja mpole, fundi simu, akakimbia nacho sambamba, akajitupa, akakinyaka kwenye eneo la bao. Kelele! Beki wangu kaanza kuvua fulana.

Yule fundi akanyanyuka, akaangalia mguu wake, akasema, "Nje. Kidole kiligusa kamba kabla sijakidaka."

Hakuna mwingine aliyeona. Mkabaji wake alikuwa nyuma yake hatua tatu. Kamba yenyewe ilikuwa imefunikwa nusu na mchanga. Angenyamaza, mechi ilikuwa imekwisha na wapinzani walishaanza kupeana mikono. Kisahani kikageuzwa, mirusho minne, bao upande wa pili, 13 kwa 12.

Beki wangu alikaa chini pale pale mchangani. Neno alilosema gazeti hili haliwezi kuliandika.

Baada ya mechi wanafanya mduara. Timu zote mbili zinachanganyika, mmoja huku mmoja kule, mikono mabegani, kila upande unasema kilichowafurahisha na kilichowakera. Wapinzani walimtaja yule fundi simu kwanza. Halafu yule dada wa sheria akasema, mbele ya watu wote na bila kupandisha sauti, kwamba lile bega la mwanzo lilimuuma na angependa mechi ijayo lisirudiwe. Beki wangu akaangalia chini, akasema "poa."

Halafu zinatolewa maksi. Hili nalo ni jipya kwako nadhani. Kila timu inaipa maksi timu pinzani kwa mambo matano: kuzijua sheria na kuzitumia, kuepuka kugongana, kuwa na haki kichwani, kujizuia na kuwa na furaha, na namna ya kuongea na wenzako. Kila jambo lina maksi kuanzia sifuri mpaka nne. Mbili ndiyo kawaida nzuri. Beki wangu alipoona timu yake imepewa mbili mbili mahali pengi alidhani wamefeli, akataka kukata rufaa. Ikabidi aelezwe kwamba mbili siyo ya darasani. Kumi kati ya 20 ni mechi ya watu wastaarabu. Kwenye mashindano makubwa ya dunia timu yenye maksi nyingi za Roho inapewa tuzo yake, na wapo wanaoilia hiyo kuliko kombe.

Mpaka leo mshikaji wangu anasema yule fundi simu ni mjinga. Anasema hivyo kila Jumapili, njiani, tukiwa tunaelekea kucheza.

USANII NAO UPO

Msomaji usidhani nakuuzia pepo. Wadanganyifu wapo. Mtu anaweza kupinga kila rafu anayotajiwa, kwa vile kupinga hakumgharimu chochote, kisahani kinarudi tu. Wapo pia wanaotaja rafu kila wakikosa kudaka. Dawa yake ni ile ya kijijini. Watu wanamjua. Nahodha wake anavutwa pembeni, maksi za timu yake zinashuka, na wenzake mwenyewe wanaanza kumwona mzigo.

Kinachonikera mimi zaidi ni kingine. Sheria zinaandikwa kwa Kiingereza, na zina kurasa nyingi. Ukiweka mzungu aliyecheza chuoni miaka minne abishane na kijana aliyeanza mwezi uliopita, nani atashinda ubishi? Siyo lazima mwenye haki, ni mwenye maneno. Nimeona kijana ameonewa kweli kabisa, akanyamaza kwa sababu Kiingereza kilimkimbia. Mchezo wa kuaminiana unahitaji watu wote wazijue sheria sawasawa na wote waweze kusema. Kikundi kile niliposema hivyo walikubaliana rafu zijadiliwe kwa Kiswahili, na sasa wanaohangaika kutafuta maneno ni wazungu. Nao wanajifunza, hawajafa.

Halafu kuna pesa. Shirikisho la dunia la michezo ya visahani, WFDF, liliundwa mwaka 1985, na mwaka 2015 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililitambua rasmi. Altimeti ipo kwenye Michezo ya Dunia, ile inayokusanya michezo isiyo ya Olimpiki, tangu 2001. Lakini Olimpiki yenyewe haijaingia, na hata ratiba ya Los Angeles 2028 imepita bila kisahani. Wapo wanaosema kimbelembele, "wekeni refa, televisheni ielewe, mambo yaende."

Marekani walishajaribu. Mwaka 2012 ilianzishwa ligi ya kulipwa, AUDL, ambayo tangu 2024 inaitwa UFA, na humo marefa wapo wenye filimbi na jezi za mistari. Kwenye mashindano mengine ya huko wanaweka waangalizi, ambao wanaamua wachezaji wakishindwa kuelewana. WFDF wao wana washauri, wanakwambia walichoona lakini uamuzi unabaki wa mchezaji. Hata ile ligi yenye marefa waliacha kadirisha kamoja: mchezaji anaruhusiwa kuipinga filimbi iliyompendelea yeye. Refa akisema bao, mfungaji anaweza kusema hapana, siyo bao, na neno lake linalishinda la refa. Na wapo wanaofanya hivyo, mbele ya watazamaji waliolipa viingilio.

Mimi kwa upande wangu naona refa akiingia kila mahali, mchezo utabaki mzuri, lakini utakuwa mchezo mwingine. Yule fundi simu angekuwa na refa pembeni ya kamba, sidhani kama angesema. Angemsubiri refa, kama Henry.

Na msidhani huu ni mchezo wa wenye nazo tu. Kolombia, ambako hawajazaliwa na kisahani mkononi, walichukua medali ya fedha kwenye Michezo ya Dunia 2017. Kule Chennai, India, vijana wa kike na wa kiume wanacheza timu moja ufukweni, na filamu fupi ya 175 Grams ya mwaka 2015 imewaonyesha wakifanya hivyo. Ufukwe tunao na sisi.

UNATAKA KUANZA?

Basi nikupe ya kuanzia. Usinunue vile visahani vyepesi vya promosheni, upepo utavichezea. Kisahani cha mechi kina uzito wa gramu 175, kimoja kinatosha watu kumi na kinadumu miaka. Hicho ndicho gharama kubwa pekee. Kiatu cha mpira kinafaa kwenye nyasi, mchangani ni peku.

Mrusho wa kwanza ni wa kumpa mwenzako ubavu: kidole gumba juu, vidole vinne chini vimekunjwa kwenye ukingo, mguu wa upande wa mkono unaorusha mbele, unavuta kisahani kutoka ubavu wa pili na kukiachia kikiwa kimelala kama sinia la pilau. Nguvu siyo ya bega, ni ya kifundo cha mkono. Kisipozunguka hakiendi, hata uwe na misuli ya mbeba mizigo wa Kariakoo. Mrusho wa pili ni wa upande wa mkono wenyewe, vidole viwili ndani ya ukingo na gumba juu, unakifyatua kama anayemcharaza mtu na taulo bafuni. Huo utakutesa wiki mbili tatu. Ukiupata, mkabaji hajui tena utokee wapi. Kuna na nyundo, kinapita juu ya vichwa kimegeuka chali, ila huo achana nao kwanza, ndio unaovunja miwani ya watu.

Jifunze kurusha wawili wawili kabla ya kuingia mechi. Zijue sheria chache: kutokimbia na kisahani, kumi za mkabaji, kamba ni nje, kutogusana. Nyingine utazisikia humo humo zikitajwa.

Na ukienda, beba maji ya kunywa na fulana mbili, moja nyeupe na moja nyeusi au ya rangi iliyokolea, maana timu zinapangwa pale pale na jezi hakuna.